Kidaka, Dafu, Koroma: Shajara ya Jiko la Msimu, Tanga

9 Novemba 2024

Msimu uliopita niliokota maembe yaliyooza chini ya mwembe wa Bibi kule Pongwe, ndoo nne zikajaa, nikampelekea jirani mwenye mbuzi. Jioni ya siku hiyohiyo nikaingia dukani nikanunua juisi ya embe ya boksi. Nilipofika nyumbani nikaikumbuka ile ndoo ya nne, juisi ikanishinda kunywa. Mwaka mzima jambo hili limenikaa rohoni, na leo naanza kulifanyia kazi.

Mradi ni huu. Kuanzia sasa hadi Julai, jiko letu litafuata kile kilichojaa soko la Mgandini, hata kama hatujazoea kukipika. Ishara za kufurika hazifichiki: fungu linakua na bei inabaki palepale, muuzaji anakuongezea mawili bila kuombwa, na jioni mabaki yanauzwa kwa ndoo. Zao likifikia hapo tunalinunua, na tunajitahidi kulipika katika hatua tatu za umri wake, au zaidi.

Wazo la umri nimelipata kwa mnazi. Mtu wa pwani haiti kila kitu cha mnazi nazi. Kuna kidaka, kinachoanguka kingali kidogo. Kuna kitale. Kuna dafu la kunywa. Kuna koroma, lililokwisha kupita udafu lakini halijawa nazi. Kisha nazi yenyewe, na ikikaukia ndani ya kifuu inakuwa mbata. Kila jina lina kazi yake, na hakuna anayekuna dafu akitegemea kupata tui. Embe je? Tunalijua bichi na tunalijua bivu, basi. Hapo katikati hatuna jina wala pishi, na naamini hapo ndipo linapoanza kupotea.

Washiriki ni mimi, binti yangu wa miaka 11, Bibi kila anapokuja kutoka Pongwe, na jirani yetu wa ukuta mmoja anayeuza vitafunio asubuhi. Nimenunua mizani ndogo ya jikoni ili vipimo nitakavyoandika humu viwe vya kweli. Vingine vyote vipo: mbuzi ya kukunia nazi, kinu, jiko la mkaa, jiko la gesi la plati mbili.

23 Novemba

Maembe ya Pongwe, dodo, yamefikia ukubwa wa yai la bata. Kokwa bado laini, kisu kinapita katikati kama kinavyopita kwenye kiazi. Tumechuma 12.

Kachumbari na embe la pilipili na chumvi sikuviandika kama majaribio, watoto wa shule wananunua kila siku getini. Nilichotaka kujua ni kama embe bichi linaweza kushika nafasi ya ndimu kwenye chukuchuku. Chukuchuku yetu haina mafuta wala nazi: samaki, maji, chumvi, kitunguu, nyanya, pilipili, na ndimu mwishoni. Nimechukua samaki wawili aina ya changu, nikaacha ndimu, nikamenya embe moja na kulikata vipande vyembamba.

Mara ya kwanza embe liliingia pamoja na kitunguu. Likayeyuka lote, mchuzi ukawa mzito na mchachu kama uji wa ukwaju, samaki akapotea humo ndani. Mara ya pili nililitia dakika tano za mwisho, sufuria ikiwa nusu wazi. Hapo vipande vilibaki vizima, vikawa vya kijani kilichofifia, na mchuzi ukabaki mwepesi ukiwa na uchachu unaokuja polepole baada ya kumeza. Tofauti na ndimu nimeiona vizuri: ndimu ikichemka muda mrefu harufu yake inakimbia na uchungu unajitokeza, kwa hiyo huna budi kuikamulia nje ya moto. Embe linavumilia moto. Ukipasha mchuzi jioni, ladha ni ileile ya mchana.

Bibi amekula vichwa vyote viwili. Sikuhitaji maoni mengine.

7 Desemba

Achari imeota ukungu. Chupa tano, kilo tatu za embe, kazi ya siku nne.

Naandika kila hatua ili nisirudie. Nilikata maembe na maganda yake, nikayapaka chumvi gramu 100 kwa kila kilo, nikayatandaza kwenye ungo juani kama nilivyoona kwa mama mkubwa utotoni. Lakini mama mkubwa alikuwa akianika Januari. Huu ni wakati wa vuli. Siku ya kwanza jua liliwaka hadi saa nane, mvua ikaja tukakimbiza ungo ndani. Siku ya pili mawingu. Siku ya tatu vipande vilikuwa vimesinyaa juu lakini ukivikunja katikati vinatoa maji, nikajidanganya kwamba vitatosha. Nikavitia kwenye chupa na mafuta na viungo. Leo nimefungua: utando wa kijivu juu, harufu ya kabati lililofungwa. Nimemwaga zote tano. Ukungu haukwanguliwi juu ukala chini, hilo kwangu halina mjadala.

Jirani amenifundisha njia ya mvua, kama anavyoiita. Vipande vya embe vinalala na chumvi usiku kucha kwenye bakuli lililofunikwa. Asubuhi unavikamua kwa nguvu, maji yake unayahifadhi kwa ajili ya mchuzi. Unavitandaza kwenye kitambaa chini ya feni hadi jioni. Kisha unachemsha mafuta, unatia haradali, uwatu, bizari, kitunguu saumu, pilipili kavu za kusaga, unamimina siki, na embe linaingia jikoni lipikike dakika kumi. Chupa zimechemshwa na kukaushwa kwanza. Haina ule utafunaji wa achari ya jua, ni laini zaidi, lakini wiki hii jua silo la kutegemea.

Chupa mbili tu. Nimeziandika tarehe.

29 Desemba

Tumekwenda Lushoto kusalimia, tukarudi na mzigo. Ukiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda, hewa inabadilika kabla ya matunda, na ukifika Soni vikapu vimepangwa kando ya barabara: plamu nyekundu, mapeasi, mafyulisi yenye manyoya, karoti bado na udongo. Haya sisi wa chini tunayaona kama matunda ya wageni, nayo yanakua saa chache kutoka kwetu.

Plamu hazikubali safari. Zilizokuwa chini ya kapu zilipasuka kabla ya Muheza. Hizo nimezipika usiku huohuo na tangawizi, kitunguu, siki, sukari kidogo na pilipili, hadi zikawa nzito kama rojo la nyanya. Tumekula na mishikaki. Nzuri sana na nyama yenye mafuta, na haikunishughulisha zaidi ya nusu saa. Sina la kuongeza, mbali na kwamba mwakani nitabeba ndoo ngumu badala ya kapu.

18 Januari 2025

Leo nina habari.

Maembe yamefurika kwelikweli. Mgandini yanauzwa kwa ndoo, Pongwe yanaanguka usiku tukiyasikia. Nilikwenda na binti yangu kuchuma, tukawa tunatenga mafungu mawili: mabichi huku, mabivu kule. Kulikuwa na mengi yasiyoingia popote. Si magumu, si laini, ngozi imeanza kupoteza ukijani upande wa jua. Nikawa nayarusha kwenye fungu la tatu la kusubiri. Bibi amekaa mkekani anaangalia. Akaokota moja, akalibonyeza karibu na kikonyo.

"Hili tosa," akasema.

"Tosa ndiyo nini, Bibi?"

"Limeshapevuka, halijaiva. Likate uone."

Nikalikata. Kuzunguka kokwa kulikuwa na duara la manjano, halafu nyama inapauka kadiri inavyokwenda nje, karibu na ganda ni nyeupe kabisa na bado ina mlio wa kisu. Harufu ya embe ipo, ila ya mbali.

"Sisi tulikuwa tunayataka matosa kuliko mabivu," Bibi akaendelea. "Bivu unalila, limekwisha. Tosa unalipika."

Niliyoandika tarehe 9 Novemba nayasahihisha hapa: embe lina jina la katikati. Lilikuwa nyumbani kwetu siku zote, mimi sikuuliza.

Tumepika hapohapo. Matosa matatu yaliyomenywa na kukatwa vipande vinene vya vidole viwili. Kitunguu kimoja na kipande cha tangawizi kwenye tui la pili, pamoja na bizari ya mchuzi na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Tui likianza kuchemka, matosa yanaingia kwa dakika nane. Kisha tui la kwanza, unakoroga taratibu upande mmoja lisikatike, na mara tu linapoanza kutoa mapovu pembeni unaepua. Chumvi mwisho. Vipande vimesimama vizima, ukiking'ata kwanza ni chachu, halafu tamu kwenye ule upande uliokuwa karibu na kokwa. Embe bichi lingekuwa chachu tupu, na bivu lingekuwa faluda. Tumekula na wali, Bibi akaomba muhogo.

Mabivu nayo yamepata kazi. Kaskazi inavuma, jua ni kali, hakuna dalili ya mvua. Kilo saba za maembe mabivu nimezimenya, nikazichuja kwa chujio la nazi kuondoa nyuzi, nikakamulia ndimu mbili, nikatandaza rojo kwenye masinia yaliyopakwa mafuta kidogo, jembamba kiasi cha unene wa chapati. Juu yake chandarua safi kuzuia nzi. Siku mbili. Siku ya pili mchana unaanza kulibandua kwa kucha kutoka pembeni na linakuja lote kama ngozi, rangi ya asali, unaona mwanga upande wa pili. Uzito wa mwisho ni gramu 720. Nimeviringisha, nikakata kwa mkasi. Binti yangu anapeleka shuleni, na kuna siku nimelikatakata kwenye wali wa kukaanga na karanga na likafaa sana.

Achari ya jua nayo nimeirudia, safari hii siku tatu kamili, hadi kipande kikikunjwa hakitoi unyevu. Chupa nane.

8 Februari

Fenesi. Muheza na vilima vya Amani vinatuletea mafenesi ambayo mtu mmoja hawezi kubeba, na sisi tunakula maboga yake yaliyoiva, yaani zile nyama tamu zinazozunguka mbegu, basi, maganda na makamba na mbegu vyote jalalani. Nimepima fenesi moja bivu la kilo tisa: tulichokula bila kupika ni kilo mbili na nusu tu.

Mbegu kwanza. Zilikuwa gramu 800. Nimezichemsha na chumvi dakika 35, zikipoa ganda jeupe la nje linabanduka kama karatasi, lile la kahawia la ndani unaliacha. Ladha ni kati ya kiazi na njugu mawe. Zikitwangwa kidogo na kupikwa kwenye nazi na kitunguu ni mboga kamili ya kulia ugali. Nimezipika mara nne mwezi huu na hakuna aliyechoka.

Bichi ndilo lililonifundisha heshima. Nilipata la kilo tatu, kijani kabisa, miiba yake bado imebanana. Nikatandika jani la mgomba sakafuni, nikapaka mafuta ya nazi mikononi, kwenye kisu na kwenye ubao. Bado ulimbo ulinipata. Ukipasua tu, matone meupe yanachomoza mstari mzima wa kisu, mazito, na yakigusa kidole kikavu hayaondoki kwa maji wala sabuni. Dawa yake ni mafuta tena na kitambaa kikuukuu. Nilifuta ule utomvu kwa jani la mgomba lililokunjwa, nikasubiri, ukatoka tena, nikafuta tena, hadi ukakoma. Ndipo nikalikata vipande na ganda lake, nikachemsha na chumvi na manjano dakika 25. Baada ya hapo ganda linakatika kama siagi, na ndani, pale ambapo maboga yangekuja kuwa matamu, pana nyuzi laini nyeupe zinazochambuka kwa uma.

Halina utamu hata chembe. Linashika kila unachokitia. Tulipolipika na nyanya, kitunguu saumu na pilipili manga, lilifyonza mchuzi wote. Kosa la jaribio la kwanza: sikulikamua maji baada ya kuchemsha, mboga ikawa na maji maji na harufu ya majani. La pili nililikamua kwa kitambaa, likakaangwa vizuri hadi kingo zikawa kahawia.

Tosa la fenesi lipo pia. Maboga yameshatoa umanjano lakini bado magumu, ukiyachana membamba na kuyakaanga kwenye mafuta yanakuwa makavu na yanavunjika, watoto wanayamaliza kabla hayajapoa. Jirani amechukua kilo mbili kujaribu kuuza.

16 Machi

Mfungo. Nimeamua kutokufanya majaribio kwenye futari, na naona ni uamuzi sahihi. Mtu aliyefunga tangu alfajiri anataka kile anachokijua: muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbichi, boga la nazi lenye hiliki. Hivi vyote ni vyakula vya msimu, na waliovitunga walishamaliza kazi kabla yetu.

Mawili nayaandika. Shelisheli limepatikana kwa bei nzuri wiki hii. Bibi haliweki majini. Analizika zima kwenye mkaa uliokwisha kutulia, analigeuza hadi ganda lote linakuwa jeusi na mvuke unatoka kwenye kikonyo. Ukilipasua ndani ni kama mkate wa moto wenye harufu ya moshi. Tui lenye chumvi linamiminwa juu, halichemshwi nalo. Nimelipika kwa njia zote mbili siku moja, la kuchemsha likabaki kwenye sahani.

La pili ni sambusa za fenesi bichi. Nyuzi zilizochemshwa, zikakamuliwa hadi tone la mwisho, zikakaangwa na kitunguu, giligilani, pilipili manga na ndimu. Jirani amezitengeneza 60 na kuziuza mlangoni siku tatu mfululizo, akimwambia kila mteja kwamba ndani ni fenesi. Zimeisha zote. Mama mmoja alirudi kuuliza fenesi bichi linapatikana wapi, na hilo limenifurahisha kuliko mauzo yenyewe.

26 Aprili

Masika. Soko ni tope, wauzaji wamepandisha meza juu ya matofali, na majani yako kila mahali: mchicha, matembele, kunde, kisamvu, mlenda, mchunga, maboga. Matunda yamepungua. Nilidhani mradi utalala miezi hii, kumbe huku ndiko kwenye utajiri.

Mmea wa boga umetufundisha somo zima la umri peke yake. Tunao mmoja nyuma ya choo, uliota wenyewe kutokana na mbegu zilizotupwa. Majani machanga ya kwenye ncha: unavunja kikonyo, unavuta, nyuzi zinakuja zenyewe hadi kwenye jani. Unaendelea hivyo hadi mkono uwe wa kijani. Tunayapika na karanga za kutwanga. Maua tumeyachagua yale ya dume tu, yasiyo na kiboga chini yake, tukayachovya kwenye unga wa dengu na kuyakaanga kama bajia. Binti yangu sasa ndiye mkaguzi wa maua, hakosei. Boga changa la ukubwa wa ngumi tumelikata na ganda lake, tukalikaanga na nyanya chungu kama mtu anavyokaanga mumunye. Kubwa litakuja baadaye, na mbegu zake tutazikaanga na chumvi. Sijawahi kutumia hata senti moja kwa mmea huu.

Kisamvu nacho kina umri. Majani matatu au manne ya kwenye ncha ndiyo ya kutwanga. Ya chini ni magumu na yanabaki na nyuzi hata ukitwanga mchana kutwa. Hapa sileti ubunifu wa haraka haraka, kwa sababu kisamvu kibichi kina sumu: kutwanga kunaifungua na moto unaiondoa. Tunakitwanga kikalainika, tunakichemsha sufuria wazi dakika 45 au zaidi, ndipo nazi na karanga zinafuata. Nimeona watu wakikisaga kwa mashine na kukipika dakika kumi kama mchicha. Nawaomba wasifanye hivyo.

Mchunga una uchungu ambao wenye kuupenda wanaupenda, mimi nikiwa mmoja wao. Ila binti yangu alikuwa hauli. Tumejaribu kuuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, tukaona tunamwaga mboga yenyewe. Kilichofanikiwa ni kuchanganya na matembele nusu kwa nusu, tui zito, na juu yake kijiko cha ile achari ya Januari. Uchachu unaushika uchungu mkono. Amekula, akaomba tena achari, kisha akaomba tena mchunga.

21 Juni

Machungwa ya Muheza. Mji mzima unanukia. Kila kona kuna baiskeli au meza, na mtu mwenye kisu kidogo.

Ninyi mnaomjua huyu mtu mnajua mikono yake. Analishika chungwa kwa vidole vitatu, kisu kimesimama palepale, chungwa ndilo linalozunguka. Ganda la juu linatoka utepe mmoja mrefu usiokatika, mwembamba hadi unapitisha mwanga, na chungwa linabaki limevaa gamba lake jeupe. Anakata kofia ndogo juu, anakupa unafyonza. Utepe unaanguka chini. Ukisimama hapo saa ya mchana, chini ya meza pana lundo la tepe za kijani, na harufu yote ya chungwa iko kwenye lile lundo.

Nimemtazama siku tatu kabla ya kumwambia.

"Kaka, haya maganda unayapeleka wapi?"

"Dada, maganda yanakwenda na gari la taka."

Nikamwomba aniuzie machungwa 40, ila kwanza tuyaoshe, ndoo na maji nimekuja navyo, na tepe zidondokee kwenye beseni langu. Aliyamenya yote kwa muda niliotumia kunywa soda moja. Machungwa tukayagawa, jingine kwake, jingine kwa mpita njia, mengine nikayakamua nyumbani. Tepe zilikuwa gramu 460.

Jambo moja kuhusu rangi, kwa kuwa wageni huuliza. Machungwa yetu ni ya kijani hata yakiwa matamu kabisa, kwa sababu chungwa hupoteza ukijani likipata usiku wa baridi, na usiku wa Muheza una joto. Kwa hiyo umri wa chungwa hausomeki kwenye ngozi. Bibi anaupima kwa uzito kiganjani: lililo zito kuliko ukubwa wake lina maji.

Tepe nusu tumezikausha kivulini siku nne, zikavunjika kama majani makavu. Nimezitwanga na tangawizi, mdalasini, hiliki na karafuu, hiyo ndiyo chai yetu ya asubuhi sasa. Kijiko kimoja cha unga huo kimeingia kwenye kashata za nazi na zimebadilika kabisa.

Nusu ya pili tumeipika kwa sukari. Unachemsha, unamwaga maji, mara tatu, kuondoa ukali. Kisha sukari sawa na uzito wa maganda na kikombe cha maji, moto mdogo, hadi maganda yanang'aa na shira inakaribia kukauka. Yanatandazwa yakauke. Jaribio la kwanza nilichemsha mara moja tu, yakaunguza ulimi. Mara tatu, msipunguze.

Madanzi, yale machungwa machungu, nimeyapata kwa shida, watu wameikata mingi ya midanzi. Kilo moja ya madanzi, maji lita mbili, sukari kilo moja na nusu. Mbegu zote na ule weupe wa ndani nimefunga kwenye kitambaa nikachemsha humohumo, kwa sababu humo ndimo imo pektini inayoifanya jamu igande. Kabla ya kutia sukari unakamua kitambaa, kinatoka kitu kizito kama ute wa yai. Kipimo cha mwisho ni tone kwenye kisosi kilichotoka kwenye friji: ukilisukuma kwa kidole likakunjamana, epua. Chupa saba, rangi ya chai ya rangi, chungu kidogo mwishoni. Bibi amechukua mbili bila kuaga.

12 Julai

Hali ya kabati leo: achari ya jua chupa tatu zimebaki kati ya nane, achari ya mvua imekwisha, jamu ya danzi nne, unga wa chai nusu kopo, ngozi ya embe hakuna hata kipande. Kwenye friji, mbegu za fenesi zilizochemshwa mfuko mmoja. Jirani anaendelea na sambusa na ametafuta mtu wa kumletea mafenesi mabichi kutoka Muheza kila wiki. Muuza machungwa sasa anaosha kabla ya kumenya, na ameanza kutenga tepe kwenye mfuko wake mwenyewe kwa ajili yetu. Nimemlipa, hakutaka, nikasisitiza.

Yasiyofanikiwa: papai bichi. Nililipika mara tatu kama mboga na mara zote lilikuwa halina ladha, kazi yake kwetu imebaki kulainisha nyama ya ng'ombe ngumu. Ukwaju unakuja, utaanza shajara nyingine.

Jana tulikuwa Pongwe. Mwembe umeanza kutoa maua, vishada vya rangi ya waridi iliyofifia, upande wa baharini tu, na nyuki tayari wamejaa. Nimemuuliza Bibi vile viembe vidogo vinavyoangushwa na upepo, vya ukubwa wa zeituni, kama navyo vina jina. Amefikiri sana. Akasema mama yake alikuwa akiviokota na kuvitia kwenye mtungi wa chumvi, ila yeye alikuwa mdogo mno kukumbuka aliviitaje.

Tumetandika mkeka wa zamani chini ya mti, upande wenye maua.